MANENO YA HOSPITALI: TUYAJUE KABLA HAYAJATUUMIZA



Kazini kila kitu kina jina lake, na sisi tunayajua majina hayo. Mkata miwa anajua panga, mtaro, mstari na kipande. Mtu wa kiwandani anajua mkanda, boila, gia na zamu ya usiku. Asiyeyajua hachelewi kuumia. Lakini tukifika hospitali tunanyamaza. Daktari anasema neno, karani anaandika neno, nasi tunapewa karatasi, tunaikunja, tunaitia mfukoni na kurudi nyumbani bila kujua tumeambiwa nini.

Katika makala haya tumekusanya maneno machache ambayo wenzetu hutuuliza mara kwa mara wanapokuja ofisini kwa chama na makaratasi yao. Mifano mingi tumeitoa nyumbani kwetu West Nile, yaani Arua na Koboko, na hasa Kuluva, ile hospitali ya misheni iliyo kusini ya mji wa Arua. Wengi wetu tumezaliwa upande huo, kisha tukaenda kutafuta kazi katika mashamba ya miwa na viwanda vya Busoga, Buganda na Bunyoro. Sisi si waganga. Tunaeleza tu maana ya maneno, ili ukikaa mbele ya daktari uweze kuuliza.

DALILI NA UGONJWA

Haya ni maneno mawili, wala si neno moja. Dalili ni kile unachokiona au kukisikia mwilini: joto, kichwa kuuma, kutapika, kikohozi, uvimbe. Ugonjwa ni kile kinacholeta dalili hiyo. Mashine ikipiga kelele, kelele ni dalili. Beringi iliyokwisha ndiyo ugonjwa. Fundi anayetia grisi kila asubuhi bila kufungua mashine atanyamazisha kelele siku mbili, halafu mashine itavunjika.

Kwetu tumezoea kusema "ana homa" tukiwa na maana ya malaria. Hapo ndipo tunapopotea. Homa ni dalili. Malaria huleta homa, lakini homa huletwa pia na kichomi, na homa ya matumbo, na kidonda kilichooza, na malale.

Mwaka 2004 tulikuwa tukifanya kazi katika shamba moja la miwa, mbali na nyumbani. Mwenzetu mmoja, mtu wa upande wa Koboko, alianza kulala mchana. Alikuwa mkataji hodari, lakini ikawa saa sita unamkuta amelala juu ya miwa aliyoikata mwenyewe. Usiku hapati usingizi, anazunguka nje ya kambi akisema peke yake. Alipokwenda zahanati alipewa vidonge vya malaria mara tatu bila kupimwa damu. Nyapara akaandika katika kitabu chake neno moja: "mvivu." Akaachishwa kazi. Sisi tulikuwapo, na hatukusema kitu, kwa kuwa nasi tuliamini kwamba ni mvivu au ni mlevi.

Aliporudi nyumbani alichomwa kidole, damu ikapimwa, ikaonekana ana malale. Alitibiwa akapona. Lakini kazi hakuirudia, na watoto wake wawili walikuwa wameacha shule kwa kukosa ada. Tangu siku hiyo tumejifunza kuuliza: hiki ni dalili, au ni ugonjwa?

MALALE

Malale huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, na anayekibeba ni mbung'o. Kuna aina mbili, na Uganda ni nchi yenye zote mbili. Aina ya West Nile, yaani Arua, Koboko, Yumbe, Moyo na Adjumani, huenda polepole. Mtu anaweza kukaa nayo miezi mingi, hata miaka. Aina ya kusini na mashariki, pamoja na Busoga, huenda mbio, na huua kwa majuma au miezi michache.

Daktari akisema "hatua ya kwanza", maana yake vijidudu vingali katika damu: homa za kuja na kwenda, kichwa kuuma, tezi za shingoni kuvimba. Akisema "hatua ya pili", maana yake vimefika kwenye ubongo: usingizi wa mchana, kukesha usiku, tabia kubadilika, maneno kuchanganyika. Ili kujua ni hatua gani, hutolewa maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano na kupimwa. Watu wengi huogopa sindano hiyo wakidhani italeta kupooza. Inauma, lakini kazi yake ni kupima tu.

Zamani hatua ya pili ilitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu, na kama wagonjwa 5 katika kila 100 waliuawa na dawa yenyewe. Siku hizi kwa aina ya West Nile kuna vidonge viitwavyo feksinidazoli, ambavyo hunywewa baada ya chakula kwa siku 10. Vidonge hivi vilianza kukubaliwa mwaka 2018.

Hapa kuna neno jingine la kuangalia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa aina hii ya malale "kama tatizo la afya ya umma". Maneno haya hayasemi kwamba ugonjwa umekwisha kabisa. Yanasema kwamba wagonjwa wamekuwa wachache sana, chini ya kiwango kilichowekwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa kupima watu, kuwatibu, na kutundika vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa kandokando ya mito ili kuwaua mbung'o. Mbung'o wangaliko. Kwa hiyo ukiwa kazini Busoga nawe umetoka Koboko, mwambie daktari umetoka wapi na ulikwenda likizo wapi. Daktari huita habari hizo "historia ya mgonjwa", na mara nyingine zinasaidia kama dawa yenyewe.

KIPIMO

Kipimo ni njia ya kuutafuta ugonjwa badala ya kuubahatisha. Kwa malaria kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni kupaka tone la damu kwenye kioo na kuangalia kwa hadubini, ile darubini ya kuonea vijidudu. Ya pili ni kile kijikadi cha plastiki kinachoonyesha mistari baada ya dakika chache.

Jibu likiwa "chanya", kitu kilichotafutwa kimeonekana. Likiwa "hasi", hakikuonekana. Wengi wetu hukosea hapa: tunasikia "chanya" tukadhani ni habari njema, na "hasi" tukadhani ni habari mbaya. Katika hospitali mara nyingi ni kinyume. Ukiambiwa malaria ni hasi na bado una homa, usirudi nyumbani kimya. Uliza: "Basi homa hii inaletwa na nini?"

DOZI

Dozi ni kiasi cha dawa, na saa zake, na siku zake. Vitu vitatu, wala si kimoja. Chukueni mfano wa dawa mseto ya malaria ambayo wengi wetu tumepata kuitumia, ile yenye artemeta na lumefantrini. Mtu mzima hunywa vidonge 4 kila mara, mara 6, kwa siku 3. Jumla ni vidonge 24. Mara ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza; zilizobaki ni asubuhi na jioni, na inafaa kula kitu kwanza.

Siku ya pili homa imetoka, tunajiona wazima, tunaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya siku nyingine au tunamgawia jirani wa kambini. Nusu ya kwanza huangusha vijidudu vingi upesi. Nusu ya pili humalizia vile vilivyojificha. Ukiacha katikati, wewe unaweza kuugua tena, na jirani uliyemgawia hatapona. Tena vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa huzoea. Hali hiyo huitwa "usugu", maana dawa inakuwa haifanyi kazi tena, kwako na kwa wengine.

"Mara tatu kwa siku" pia ina maana yake. Si asubuhi, saa nne na mchana ili tumalize mapema tulale. Ni kila baada ya saa 8. Wanaofanya zamu ya usiku wamwambie mtoa dawa ili wapangiwe saa zinazofaa.

UVIMBE NA SARATANI

Uvimbe ni dalili. Unaweza kuwa jipu, au jino bovu, au tezi, au saratani. Saratani, ambayo wengi huiita kansa, ni chembe za mwili wenyewe zilizoasi na kuzaana bila utaratibu. Haiambukizi kwa kula pamoja, wala si kurogwa.

Katika jambo hili jina la Kuluva linajulikana kwa madaktari wa dunia nzima. Mwaka 1957 daktari mmoja wa upasuaji, Denis Burkitt, aliitwa Mulago kumwona mtoto aliyekuwa na uvimbe wa taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine huko Jinja, akaanza kuuliza: watoto hawa wanatoka wapi? Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari, pamoja na Daktari Ted Williams wa Kuluva na Daktari Cliff Nelson, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, mwendo wa kama maili 10,000. Kila hospitali waliuliza swali hilo moja. Wakaona kwamba uvimbe huo huonekana katika nchi za joto zenye mvua nyingi, na ni nadra juu ya milima yenye baridi. Huo ndio mpaka wa malaria pia.

Mwaka 1964 wataalamu huko London, Epstein na wenzake Achong na Barr, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo zilizopelekwa kutoka Uganda. Kirusi hicho kimo katika watu wengi duniani bila kuwadhuru. Lakini mtoto mdogo anayekipata mapema, na tena anashikwa na malaria mara kwa mara, yumo katika hatari zaidi.

Basi mzazi ajue hili. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea yenyewe bila kuoza, asipelekwe kwa mng'oa meno wala kuchanjwa chale. Uvimbe huu ni miongoni mwa zinazokua mbio kuliko zote: unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri kuliko nyingi. Mtoto aliyewahi anaweza kupona. Kuchelewa juma moja si jambo dogo.

KADI NA REJESTA

Kadi ni ile unayopewa mkononi. Rejesta ni kile kitabu kikubwa kinachobaki hospitali. Tukiulizwa jina la kijiji chetu, la wilaya, umri, na siku tuliyoanza kuugua, tunaona tunasumbuliwa. Wengine husema uongo ili wamalize upesi.

Hebu tutazame tena Kuluva. Daktari Williams aliandika kwa uangalifu kila mtoto wa West Nile aliyeonekana na uvimbe ule: anatoka wapi, ameanza lini. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha hesabu za miaka 1961 hadi 1965, zikaonyesha kwamba wagonjwa huja kwa makundi, karibu karibu kwa mahali na kwa wakati. Ndipo wataalamu walipozidi kuamini kwamba kuna kitu kinachopita kutoka mahali hata mahali. Kuanzia mwaka 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu kidogo na kuandikwa majina, ili waliougua baadaye walinganishwe na wasiougua. Mwaka 1978 matokeo yalitangazwa: watoto walioupata uvimbe walikuwa, tangu kabla ya kuugua, na kingamwili nyingi zaidi za kirusi kile. Kingamwili ni askari wa damu. Wakiwa wengi, ni alama kwamba adui amekwisha kuingia.

Elimu hiyo ilitokana na mama wa Arua aliyeulizwa jina la kijiji akajibu kweli, na mtu wa hospitali aliyeliandika sawasawa. Basi nasi tutunze kadi zetu. Tusizifungie tumbaku.

RUFAA

Ukipewa "barua ya rufaa", hujafukuzwa. Maana yake hospitali hiyo imefika mwisho wa uwezo wake, nawe unapelekwa mahali penye vyombo zaidi: kutoka kituo cha afya hadi hospitali kubwa ya rufaa ya Arua, na kutoka huko pengine hadi Mulago. Kwa saratani kuna taasisi maalumu pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, na ilianzia hasa kwa watoto wa uvimbe tuliousema. Hospitali ya Lacor huko Gulu nayo hutibu watoto hao, na kwa watu wa kwetu ni karibu zaidi.

Barua ya rufaa iwe na jina la ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanywa, na dawa ulizokwisha kupewa. Ikikosa hayo, huko uendako wataanza upya, na pesa yako itakwisha kabla ya matibabu.

ULEMAVU WA MUDA NA ULEMAVU WA KUDUMU

Hili ni neno la mwisho, na kwa mfanyakazi ndilo lenye pesa. Ukiumia kazini daktari hujaza fomu. Akiandika ulemavu "wa muda", maana yake utapona na kurudi kama ulivyokuwa. Akiandika "wa kudumu", maana yake kuna kitu umekipoteza ambacho hakitarudi. "Kwa sehemu" ni kama kidole au jicho moja. "Kabisa" ni pale usipoweza tena kufanya kazi yoyote. Halafu huandikwa asilimia, yaani katika uwezo wako wa 100 umepotea kiasi gani.

Mwenzetu mmoja alikatwa vidole viwili na mashine. Aliletewa karatasi kitandani, akaambiwa "weka sahihi upate chakula cha wagonjwa". Karatasi ilisema ulemavu wa muda, siku 30. Vidole havioti tena baada ya siku 30. Ilichukua miezi kuirekebisha karatasi hiyo, na kama isingalikuwa kadi yake ya hospitali, ambayo mkewe aliitunza ndani ya Biblia, tusingalishinda.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, yasema mwajiri apewe taarifa ya ajali katika muda wa mwezi mmoja. Kwa ulemavu wa kudumu kabisa, fidia ni mshahara wa miezi 60. Kwa ulemavu wa sehemu, hukatwa kwa asilimia ile aliyoandika daktari. Sasa mnaona neno moja linavyoweza kupunguza chakula cha watoto wako. Usipokubaliana na asilimia hiyo, njia iko: lete karatasi kwa mjumbe wa chama, twende pamoja kwa afisa wa kazi. Wala usiweke sahihi wala dole gumba juu ya karatasi ambayo hujasomewa.

MASWALI MANNE

Ndugu zetu, hatuwezi kuyashika maneno yote ya madaktari, na hatuhitaji. Tushike maswali manne, na tuyaulize kila mara kwa heshima, lakini tusiondoke bila majibu:

Moja: Ugonjwa wangu unaitwaje, na umejuaje?
Mbili: Dawa hii ni ya nini, mara ngapi, na kwa siku ngapi?
Tatu: Nikiona dalili gani nirudi upesi?
Nne: Karatasi hii inasema nini, nami nipate nakala yake?

Daktari mwema hachukii kuulizwa. Akiwa na haraka, muulize nasi. Akikosa nasi, muulize mtoa dawa. Ukiona haya kuuliza peke yako, nenda na mwenzako. Tumezoea kwenda wawili wawili kwa mwajiri kudai haki; twende vivyo hivyo hospitali. Na mkimwona mwenzenu analala mchana kazini, msiseme "mvivu" kabla hajapimwa. Sisi tulinyamaza mara moja, na tunajua ilimgharimu nini.